Vifungo vya Mama Stoo

Pale zahanati walimwita Mama Stoo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Miaka thelathini na mmoja alitunza chumba cha mashuka, na kusoma kwake kulikuwa kwa kuokoteza, herufi moja leo, nyingine kesho. Basi kila rafu aliifunga ukanda wa kitambaa wenye vifungo vya nguo. Kimoja, mashuka ya wakubwa. Viwili, ya watoto. Vitatu, ya waliojifungua. Wakubwa wa kazi walicheka wee mpaka wakachoka, ila hakuna nesi aliyewahi kutoka pale mikono mitupu.

Binti yake alikuwa fundi wa kompyuta, na zahanati ikampa kazi ya kutengeneza tovuti ya kuombea miadi ya daktari. Ikatoka inang'aa kama sahani za wageni. Wiki nzima Mama Stoo alitembea kifua mbele; ukimsalimia, unajibiwa habari za tovuti.

Kifua kilishuka Jumamosi. Mdogo wake wa kike, ambaye macho yalimzimikia miaka sita nyuma, alikuja na simu yake inayosoma kwa sauti. Alikuwa na shida ya mwili aliyotaka aijue daktari tu. Amechoka, alisema, kila fomu lazima aazime macho ya mtu, na mtu huyo akiondoka anaondoka na siri yake. Na Jumatatu adhuhuri nafasi za daktari huyo zilikuwa zinafungwa kwa mwezi mzima.

Wakaketi sebuleni watatu, yeye, dada yake na binti. Simu ikasoma: "Picha. Picha. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa." Hapa wapi, haikusema. Mdogo mtu akabahatisha mpaka kwenye fomu, akajaza visanduku visivyotaja vinataka nini, akatuma. Fomu ikarudi: "Tafadhali sahihisha sehemu zenye rangi nyekundu."

Akaguna. "Haya mwanangu, nyekundu ndiyo ipi? Ile inayonukia au ile yenye joto?"

"Lete nikujazie, mama mdogo. Dakika mbili tu."

Mama mdogo akaibana simu kwapani. Binti akajitetea kwamba ameijaribu tovuti kwenye simu tatu na haina kasoro. Umeijaribu kwa macho, mama yake akamwambia, akachukua funguo za stoo.

Chumba cha mashuka hakina dirisha. Mama Stoo akafunga mlango, akazima taa, akamtuma binti shuka la mtoto. Binti akapapasa, akagonga goti, akaangusha rundo, akaja na pazia. Mama akamwambia arudie, safari hii ashike ukingo wa rafu. Vidole vikakuta vifungo viwili. Binti akavipapasa tena, kimoja kimoja. Tangu utotoni aliviona vifungo vile kuwa aibu ya mama asiyejua kusoma.

"Rafu zako nzuri, mwanangu," Mama Stoo alisema. "Ila umesahau vifungo."

Jumapili nzima binti alifanya kazi, na mama mtu akaketi pembeni amejifunga kitambaa machoni, akiisikiliza simu kama mkaguzi. Vichwa vya sehemu vilivyochorwa kama picha vikawa maandishi ya kweli, kikubwa juu, vidogo chini yake, simu ikaweza kuruka kutoka kimoja hadi kingine. "Bonyeza hapa" ikawa "Omba miadi" na "Futa miadi". Kila kisanduku kikataja kinachotaka. Kila picha ikapewa maelezo yake, isipokuwa ua la pembeni lisilo na kazi. Hilo likaamriwa linyamaze. Kosa nalo likasema kwa maneno: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja." Miadi ikapanda juu kabisa, picha ya mkurugenzi ikashuka chini. Hapo Mama Stoo alikataa katakata kubembelezwa: mgonjwa hakuja kumtazama mkurugenzi.

Jumatatu asubuhi mdogo mtu aliketi kona ya mbali, simu sikioni. Dakika nne hazikuisha.

"Tayari. Alhamisi saa tatu."

Mama Stoo akasogeza kiti, akauliza kwa upole usio wake, kwani anaumwa nini hasa.

"Hiyo rafu si yako, dada."

Mama Stoo alinuna mpaka chai ikapoa. Halafu akamgeukia binti yake, akamwambia sasa awaambie zahanati kazi yao imekamilika, maana hata yeye, dada mtu, hakuambulia siri.