Karatasi Chini ya Kasha

Harufu ya karafuu na nta ya mbao iliingia katika flati yetu ya Thamesmead, London, kabla Bibi hajavua viatu. Ilitoka kwenye mtandio wake na kwenye mkoba wake wa ukindu, ikaishinda hata ile harufu ya dawa za hospitali ambayo Mama alirudi nayo kila siku kutoka kazini. Nilikuwa na miaka kumi. Bibi alikuwa amekuja kutoka shamba, kusini ya Unguja, kukaa nasi kiangazi kimoja, nami nilikuwa na daftari nililoandikia kila nilichokiona. Siku ile niliandika, kwa Kiingereza kwa kuwa sikujua kuandika lugha nyingine: mikono mikubwa, macho hayatulii, amekataa kushikwa mkono kwenye ngazi.

Bibi alikuwa muuza vitu vya kale. Alipofiwa na mume, Mama akiwa bado ananyonya, alikataa kurudi kwa kaka zake, akaanza kuzunguka vijijini kwa miguu akinunua makasha, masinia ya shaba na saa zilizokwisha kusimama. Wanaume wa mjini wenye biashara hiyo walimcheka, kisha wakawa wanakuja shamba kumuuliza. Hakuwa na duka wala kibao. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. Alikuwa na sharti moja tu. Hakununua kitu mpaka mwenyewe amtajie kilikotoka na mikono kiliyopitia. Majina hayo aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, akaibandika karatasi chini ya kitu chenyewe. Mtu akibabaika, alimwambia, "Rudi nyumbani ukaulize, mie nipo," akafunga mlango.

Haya yote nilisimuliwa na Mama tangu mdogo, na ndiyo maana kiangazi kile nilikuwa na hofu. Sebuleni mwetu lilikuwapo kasha la misumari ya shaba. Mama alilinunua kwenye soko la Jumapili; mimi mwenyewe nilishika upande mmoja tulipolipakia. Lakini Wazanzibari wenzake waliokuja kututembelea aliwaambia ni la bibi yake mzaa mama, limevuka bahari. Alisema mara moja, na baada ya hapo ikambidi aendelee kusema. Njia ya mwongo ni fupi: wanawake wale wote walikuwa wanakuja Jumamosi kumwamkia Bibi.

Siku tatu Bibi alilipita lile kasha bila kulisemea neno. Ijumaa, wakifunga sambusa, Mama akashindwa kuvumilia.

"Mama, wakikuuliza habari za kasha..."

"Wakiuliza nitawajibu."

"Usiniaibishe, mama yangu."

Bibi alichovya kidole katika uji wa unga, akapaka ukingo wa sambusa. "Mie sijapata kusema uongo juu ya kasha, Zuhura. Labda juu ya umri wangu."



Jumamosi sebule ilijaa mabuibui, udi na vicheko. Bi Rukia, aliyekuwa na sauti kuliko wenzake, alikigonga kifuniko kwa pete yake. "Haya Bi Mkubwa, tuhadithie. Hili ndilo kasha la mama yako?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sambusa. 

"Lipindueni," Bibi alisema. Wakadhani ni mzaha. "Lipindueni, wanangu. Uso wa kasha hauna habari."

Wanne wakaliinua na kulilaza. Chini mbao zilikuwa nyeupe, hazina hata karatasi.

"Si la mama yangu hili. Ni changa kuliko huyu mke mwenzangu," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

"Kumbe!" alisema Bi Rukia, na tabasamu likaanza kumjia, tabasamu ambalo hadi leo silipendi.

Bibi hakumpa nafasi. "La mama yangu nililiuza mimi, Zuhura alipopata nafasi ya kuja kusomea uuguzi. Yeye nilimwambia limeliwa na mchwa. Jana nimejisifu kwake kwamba sijapata kusema uongo juu ya kasha. Nimeusema huo mmoja." Akamtazama binti yake. "Sasa mkitaka kujua kasha la mama yangu limeishia wapi, limesimama pale mlangoni. Mpokeeni basi hilo sinia, mkono unamuuma."

Aliyeinuka kwanza kulipokea alikuwa Bi Rukia. Mama alikaa chini sakafuni, mbele ya wageni wake wote, akalaza kichwa mapajani mwa Bibi.

Wageni walipoondoka, Bibi aliniagiza daftari langu. Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba Kiswahili sijui kukiandika. Mama akamfasiria. "Aandike anavyosikia," Bibi akajibu, akanitajia polepole: *Limenunuliwa London na Zuhura binti Haji, muuguzi.* Ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya Kiswahili, na ina makosa matatu. Tuliichana karatasi hiyo, tukaibandika chini ya kasha kwa uji wa unga uliobaki kwenye sambusa.

Bibi alirudi shamba, na huko ndiko alikozikwa. Kasha sasa liko kwangu, Thornton Heath, hapa hapa London, na mbao zake zimeanza kuwa nyeusi. Siku hizi mtu hukipiga picha kitu cha kale akaiuliza simu umri wake. Bibi alipiga magoti, akauliza watu. Mimi naishi kwa kuandika habari, na nimezoea kudhani kwamba ukweli ni kazi yangu. Mwezi uliopita mgeni mmoja alilipapasa kasha akasema, "Hili bila shaka ni la mabibi zenu." Wazo hilo lilikuwa linapendeza, na neno "ndiyo" lilikwisha kunifika mdomoni. Nikamwita binti yangu aliyekuwa jikoni. Aliitika kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa nikiitika mimi.

"Njoo ushike upande huu," nikamwambia. "Tumwonyeshe mgeni chini."