Mpira wa Baiskeli na Udi wa Jirani

Mimi ni mjuvi, sikatai. Miaka ya tisini, hapo Mji wa Kale, baraza yetu haikuamua jambo la muziki mpaka niulizwe mimi, kwa sababu gramafoni ilikuwa yangu na santuri zilikuwa zangu. Gramafoni yenyewe ilizungushwa kwa mkanda. Mkanda ulipokatika nikakata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nikauvisha kwa mikono yangu, na wiki nzima nikawa najisifu.

Jirani yangu alikuwa mpigaji udi wa harusini. Siku moja alikuja kusikiliza santuri, nami nikamwambia, "Yakhe, udi wako uko juu, tena wakimbia. Hebu sikiza. Santuri haisemi uongo." Maskini, akasikiza. Akaenda akalegeza nyuzi, akapunguza mwendo. Harusi iliyofuata nyimbo zilijikokota, wala hakuna mwanamke aliyeinuka kumtuza hata noti moja. Ya pili vile vile. Mwisho akautundika udi ukutani, akasema labda vidole vimezeeka. Nami, bila haya, nikampa pole.

Miaka miwili baadaye nikapata gramafoni nyingine, nzito ajabu, kutoka nyumba moja ya Kizingo ambayo wenyewe walikuwa wakihama. Ilikuwa imekwama kabisa. Fundi wa redio wa Makadara aliifungua, akakwangua grisi iliyoganda, akakivisha mpira mpya kigurudumu cha ndani. Hii haina mkanda. Kigurudumu hicho hubanwa baina ya mota na ukingo wa sahani inayobeba santuri, kikaisukuma sahani kwa nguvu, hapana kuteleza.

Nikaweka santuri yangu niipendayo. Lahaula! Mwimbaji kama aliyeamshwa usingizini.

"Fundi, umeiharibu! Yakimbia!"

Alibandika kijikaratasi ukingoni mwa sahani, akatazama saa, akahesabu mizunguko ya dakika moja: arubaini na tano, kama ilivyoandikwa kwenye santuri. Nikarudi nyumbani mbio, nikaihesabu ile ya zamani. Arubaini na moja.

Kumbe udi wa jirani ulikuwa sawa tangu mwanzo. Mpira wangu wa baiskeli ndio uliokuwa ukiteleza, ukaichelewesha santuri na kuishusha sauti.

Nilifanya nini? Nilinyamaza, bila shaka. Mashine mpya niliifunika kwa leso ya mke wangu, ile ya kujifunga, na jirani akija namwekea ile ya zamani. Alisikiliza huku vidole vikigonga goti polepole. Roho iliniuma, lakini jina langu nililipenda zaidi.

Mke wangu alinivumilia wiki tatu. "Bwana wee, mficha uchi hazai," akasema. "Ukimwambia, utachekwa. Usipomwambia, umemzika mtu hai."

Nikamwambia anipikie chai. Hakuipika.

Basi alasiri moja nikamwita jirani, nikaivuta ile leso, nikamwekea santuri. Akasikiliza wimbo mzima. Nikamweleza yote, hata mkasi niliokatia mpira nikamwonyesha. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

Akainuka, akaenda zake. Siku nyingi hakunisalimu. Halafu asubuhi moja nikasikia kwake nyuzi zikikazwa, moja moja.

Harusi ya kwanza aliyorudi kupiga ilikuwa hapo hapo mtaani, mchana. Nilijibanza nyuma ya wanaume wenzangu. Udi ulilia, wallahi, na wanawake waliinuka kumtuza mmoja baada ya mwingine. Katikati ya wimbo akazuia nyuzi kwa kiganja. Akanyoosha shingo mpaka akaniona.

"Shekhe wa santuri! Niko juu?"

Watu wote wakageuka.

"Uko sawa," nikasema. "Siku zote ulikuwa sawa. Aliyekosea ni mimi."

"Huku hatusikii!" ikatoka sauti upande wa wanawake, na sauti hiyo naijua, nimeioa.

Nikasema tena, kwa ukelele, machozi yakinitoka, ndipo jirani akaendelea kupiga.