Kangaga Ndani ya Jokofu la Soda

Kosa langu la kwanza katika elimu lilikuwa usafi.

Tulikuwa darasa la sita, Iguguno, kijiji cha ujamaa bado kinanuka matofali mabichi. Mwalimu wa sayansi alitupeleka kwa lori la ushirika hadi chemchemi moja ya mteremko wa Sekenke, tukachimbe makangaga, ile mimea ya majani kama manyoya, isiyo na ua wala mbegu. Kila mmoja akapanda lake kwenye kopo. Akatueleza kuwa kangaga lina maisha mawili: unga wa chini ya jani huota kigamba cha kijani, chembamba kama ganda la kitunguu, na juu ya kigamba ndipo huota kangaga lenyewe. Nilisikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa napangusa kopo.

Swali lake likawa: barafu itaua kipi, jani kubwa au kigamba? Atakayepatia angekwenda maonyesho ya wilaya, tena kwa viatu vya kuazimwa. Nilivitaka viatu vile kuliko maonyesho yenyewe.

"Jani kubwa litapona," nikatangaza. "Vigamba ni ukoga tu." Nikavikwangua vyote vilivyoota kwenye mchanga wa kopo langu. Mariamu, binti wa fundi cherehani, aliacha kopo lake chafu kama lilivyo. Nilimcheka mbele ya darasa.

"Cheka tu, Bwana Sabuni," akasema.

Mzee wa duka la ushirika, mwenye jokofu la mafuta ya taa, aliitikia shikamoo zetu kisha akafoka: "Soda zangu zikinuka matope, mtazinywa nyinyi!" Makopo mawili aliyochagua mwalimu, langu na la Mariamu, yakakaa penye barafu siku mbili.

Kangaga langu lilitoka jeusi, limelala kama mlenda wa jana. La Mariamu vilevile. Nikapumua. Lakini vigamba vyake vilibaki kijani, na baada ya wiki kadhaa kimoja kikatoa jani dogo lililojikunja kama mkia wa kinyonga. Mimi nilikuwa na kopo safi la mchanga.

Mama alinikuta nalia. "Si ulisafisha? Haya, kula usafi wako."

Watoto wa leo nawadharau, sifichi. Wanakariri maisha mawili ya kangaga kwa wimbo, wanapata alama zote, na ukiwaonyesha kigamba juu ya jiwe wanauliza kama ni kinyesi cha ndege. Sisi tulikuwa na matope na jokofu moja la soda. Ila wao, walau, hawajaua kitu.

Mariamu alikwenda wilayani. Mimi mpaka leo naosha makopo yangu ya mimea kila asubuhi, mara mbili. Lakini naosha nje tu. Ndani sigusi.