Vidonda vya Fundi wa Sare

Fundi wa sare za shule, mjane wa miaka hamsini na mbili, alikuwa na mdomo unaojulikana mtaa mzima. Aliweza kubana pini sita midomoni na bado akamsuta mteja aliyechelewa.

Baada ya dripu ya pili ya dawa za saratani ya utumbo, mdomo huo ulichubuka. Vidonda vyeupe vilijaa ulimini, mashavuni kwa ndani, hadi kooni. Hata kumeza mate kuliuma. Siku tatu hakutia kitu tumboni. Hakulia wala hakuomba msaada. Alikaa tu kando ya cherehani iliyofunikwa, akitazama ukuta.

Asubuhi ya siku ya nne akaingia wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi.

"Fungua mdomo, wifi."

Akafungua.

"Mama yangu! Hospitali umewaambia?"

Akatikisa kichwa.

"Miaka yote umenimaliza kwa maneno, leo umeshindwa kumwambia nesi unaumwa?"

Wakati mwingine fundi angecheka.

Kliniki, nesi alimulika tochi, akaguna, akamwita daktari. Wagonjwa na wifi wakapewa dawa ya kusukutua inayotia ganzi, ya kutumia kabla ya kula. Kila baada ya saa mbili asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Mswaki uwe laini. Ndimu na pilipili, mwiko.

"Na akipata homa," nesi alisisitiza, "msingoje kesho."

Wifi alihamia kabisa. Aliponda viazi vikawa laini kama vya mtoto, akapoza uji, akatangaza saa kama kengele ya shule: "Saa nne! Sukutua!" Fundi alisukutua, akatema, akameza vijiko viwili, vitatu. Hakusikia ladha, wala nafuu, wala hasira.

Siku moja wifi alianza, "Ile siku ya mazishi..."

Fundi akainua mkono. Wifi akamsogezea kikombe.

Kwenye dripu ya tatu nesi alimpa vipande vya barafu anyonye dawa ikiingia. Safari hii vidonda vilitoka viwili tu. Wiki hiyo fundi alimaliza sahani.

"Nilidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa," alisema ghafla. "Kuumwa vile. Ndiyo maana sikusema."

"Nani aliyekuambia?"

"Hakuna."

Wifi akamwongezea viazi.