Kabale Hakutoa Vibuyu

Ukitaka ugomvi na mimi Makandi, sema mbele yangu kwamba Kabale aliharibiwa na hadithi za Wagiriki. Nauza miraa hapa soko la Isiolo, meza yangu inagusana na yake, na maneno yote niliyasikia kwa masikio yangu. Hao wanaomsema hawakuwapo.

Kabale anauza maziwa ya ngamia. Ni mjane, Mborana wa kijiji cha Chechelesi, Mwislamu wa swala tano, na ana ugonjwa mmoja tu: kusoma. Kitabu cha miungu ya Ugiriki ya kale alikiazima maktaba, akawa anakisoma asubuhi tukingoja gari la maziwa kutoka Garbatulla, halafu anatupa habari zao kama mtu anayesengenya majirani. Zeus, mkubwa wao, anakaa juu ya mlima Olimpo akirusha radi, lakini mwanamke akipita mbele yake akili inamtoka. Mkewe Hera anashinda akiwaandama hao wanawake badala ya kumkamata mume. Poseidon wa bahari akiudhiwa kidogo tu, anatikisa nchi. Athena ana akili na ana mkuki, hajaolewa, na haombi mtu radhi kwa hilo. Hermes naye aliiba ng'ombe wa kaka yake Apolo siku ileile aliyozaliwa, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye. Mzee Tadicha, mteja wetu wa kila siku, alikasirika kabisa. "Kwani huyo Apolo hakuwa na mtu wa kusoma nyayo? Ng'ombe akitembea kinyume unamjua tu!" Tulicheka mpaka gari likafika.

Basi mwaka jana shemeji yake Arero, kaka wa marehemu mumewe, akaja kutoka Garbatulla na habari kwamba Sabdio amepatiwa mume. Sabdio ndiye binti pekee wa Kabale. Mume mwenyewe ana duka, ni mtu wa heshima, ati. Na msichana yuko kidato cha tatu! Ndugu walishakaa, walishakubaliana, Kabale alikuwa anaambiwa tu ajitayarishe.

Mimi hasira zilinipanda hadi nikawa nafunga miraa ovyo. Nikamwambia twende kwa chifu sasa hivi.

"Ikibidi tutaenda," akasema. "Lakini kwanza hao ndugu watanisikia mimi."

Asubuhi iliyofuata hakufungua kitabu. Alitusimulia kwa kichwa habari ya Demeter, mungu wa kike wa nafaka, aliyekuwa na binti jina lake Persefone. Hades, mungu wa wafu, akamtaka huyo binti. Zeus, ambaye ndiye baba, akakubali. Mama hakuulizwa. Msichana alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka, akachukuliwa. Demeter alipojua ukweli akagoma. Hakuna mbegu iliyoota tena. Watu wakaanza kufa njaa, na miungu wote wakaja mmoja mmoja kumbembeleza na zawadi zao. Akawaambia, mtoto wangu kwanza.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Hapa kwetu tunajua mbegu isipoota kunakuwaje. Nafiso, mama mzee anayesuka vibuyu, alisema tu, "Huyo namwelewa."

Sasa nikueleze jambo moja. Huku kwa Waborana, vibuyu vya maziwa vya bibi harusi si vya mung'unye, husukwa na mama yake kwa nyuzi za mizizi, kazi ya miaka. Binti akitoka kwao bila hivyo, ni aibu ya ukoo mzima. Vya Sabdio vilining'inia ukutani kwa Kabale tangu mtoto akiwa mdogo. Kabale akavishusha, akavifukiza moshi, akavileta sokoni na kuanza kuuzia maziwa. Vibuyu vya harusi! Vikashikwa na kila mkono, wa mpiga debe na wa mchinjaji.

Habari ikafika Garbatulla. Arero akaja mbio.

"Mama Sabdio, umerukwa na akili? Hivyo ni vya harusi!"

"Harusi ya nani?"

Arero akamgeukia Nafiso, akamwagiza asuke vingine. Nafiso akajibu kwamba macho yake hayaoni tena kusuka, na huku mikono yake inasuka. Nilicheka kwa nguvu, makusudi, Arero anisikie.

"Ni hicho kitabu!" akafoka. "Mwislamu mzima, unahubiri masanamu!"

"Sihubiri, shemeji. Hao siwaombi kitu. Nawasema tu, kama ninavyokusema wewe."

Aki, meza zote ziliangua kicheko. Arero akaona ukali haumfai, akavuta debe tupu, akaketi, sauti akailainisha.

"Haya, tusikilizane. Hata huyo mama wa Wagiriki mwishowe alipatana nao, Tadicha amenisimulia. Kila mwaka binti akawa anakaa kwa mume miezi kadhaa, kisha anarudi kwa mama. Na sisi tufanye hivyo. Sabdio aolewe, shule ikifunguliwa arudi kwako, ikifungwa aende kwa mume. Nusu yako, nusu yetu. Nani atalalamika?"

Nilishtuka, maana lilisikika kama neno la busara, na watu wawili watatu walikuwa wameanza kuitikia kwa vichwa. Nikaogopa rafiki yangu atachoka, atakubali. Kabale alimaliza kummiminia mteja maziwa, akafunika kibuyu, ndipo akamtazama.

"Demeter alikubali nusu kwa sababu aliyemchukulia mtoto alikuwa mungu wa kifo," akasema. "Wewe ni Arero tu. Mimi namtaka wangu mzima."