Feza Chini ya Picha

Nikifungua kitabu cha zamani, pua yangu husaka mawese. Msinicheke. Kitabu cha kwanza kuingia nyumbani kwetu Buzebazeba kilinuka mawese tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu Bibi mzaa mama aliyauza sokoni Ujiji, na vidole vyake havikukauka mafuta hata siku ya Idi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wazima walipohimizwa kwenda kisomo. Bibi alikwenda akinung'unika, lakini alipoweza kuandika jina lake, wee, hatukupumua. Aliliandika kwa mkaa ukutani, kwenye mapipa, hata kwenye unga niliokuwa nikiupepeta. Mwalimu akamwazima kitabu cha historia na kumwonya akitunze, maana ni mali ya taifa.

Tulikisoma alasiri barazani, mimi nikimsaidia maneno marefu. "Soma, mke mwenzangu," alinitania. Tukafika kwenye picha: wanawake wenye minyororo shingoni wanashushwa mitumbwini hapo hapo Ujiji. Chini yake pameandikwa: watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa.

Nilitaka kukifunga. Shuleni niliwahi kuitwa mtoto wa watumwa nikarudi nalia, na Mama akanifundisha kujibu kwamba sisi ni Waswahili wa Ujiji, basi. Kwetu, kuulizwa mlitoka wapi kulikuwa tusi.

Bibi akanizuia mkono. "Mama yangu alipita hivi. Aliitwa Feza." Akachukua penseli yangu, akaandika jina hilo taratibu, ulimi nje, chini ya mwanamke wa kwanza.

Mama alipoona alijishika kichwa. "Mama, umetuanika. Kitabu cha serikali, mtaa mzima utasoma."

"Ndiyo maana nimeandika," Bibi akajibu.

Siku ya kukirudisha nilimsindikiza nikiwa na hakika tutafungwa. Mwalimu, kijana kutoka kijiji cha Mwandiga, aliweka kidole kwenye ile picha.

"Na huyu wa nyuma yake, Bibi, anaitwa nani?"

"Simjui, mwanangu. Ana wajukuu wake. Wakishajua kuandika watamwandika."

Mwalimu akakiacha kitabu wazi mezani, na penseli kando yake.

Kisomo kilipofungwa, nilikichungulia kile kitabu. Kila mwanamke pale alikuwa na jina, kila jina kwa mwandiko wa mwanakisomo mwingine, wa kutetemeka, isipokuwa la mwisho, lililonyooka vizuri. Huo ulikuwa mwandiko wa Mama. Alikuwa amemwandika bibi yake wa upande wa baba.

Nilikua nikiamini kwamba wote walizitambua zile sura. Nilipokuja kufanya kazi ya kutunza nyaraka ndipo nikajua kuwa ule ulikuwa mchoro tu, pengine wa mtu asiyewahi kuliona ziwa letu. Wala Bibi hakudanganyika. Alikuwa na jina la mama yake moyoni miaka yote, halina pa kukaa, na siku alipojua kuandika akalipatia mahali.