Kinundu cha Pistoni

Fundi wetu wa pale Noonkopir ana kinundu kwenye paji la uso, na hukikuna kila anapofikiri, yaani si mara nyingi. Mwaka 2003 alifungua injini ya gari langu la kutoka Japani, akakuta kila pistoni nayo ina kinundu chake, kile kinachobana petroli ndiyo iwake kwa nguvu. "Madam Nalianya, hizi zimevimba na joto, ndiyo maana injini inapiga kelele. Nikizisawazisha itaisha," akaniambia kwa sauti ya daktari. Akachukua tupa, akazisawazisha zote nne kwa upole, akipuliza vumbi. Sasa injini imetulia kabisa. Hata kilima cha kwenda kanisani haipandi. "Si nilikuambia kelele itaisha?" akasema, akikuna paji lake. Nikaanza kuitafuta ile tupa.